Ng'ombe akitafuna mfupa usipite tu: ushauri wangu kuhusu botulizimu

Wafugaji wenzangu habari za huko. Leo naomba tuongelee ugonjwa ambao wengi wetu umeshatupitia zizini bila kuujua jina. Ng'ombe anaanza kuyumba miguu ya nyuma, kesho yake kalala, homa hana, kuharisha hakuna, anakuangalia tu kwa macho, na baada ya siku chache amekufa. Mnampasua hamuoni kitu, ini zuri, mapafu mazuri, bandama ya kawaida. Halafu anafuata mwingine, na mwingine. Hapo ndipo maneno yanaanza, fulani kaweka sumu malishoni, fulani ana kijicho, fulani kaenda kwa mganga. Kule kwetu Kongwa nimeona watu waliozikana na kuozeshana watoto wakaacha kusalimiana kwa ajili ya ng'ombe waliokufa hivi, na hakuna aliyemwekea mwenzake chochote.

Ugonjwa unaitwa botulizimu na chanzo chake mara nyingi ni mzoga. Kama una haraka na huna muda wa kusoma yote chukua hili moja: chochote kilichooza, mnyama, ndege, panya, nyoka, kisikutane na mdomo wa ng'ombe wako wala maji yake. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Yupo kwenye udongo na hata kwenye matumbo ya wanyama wazima bila kuwadhuru, anakaa kama mbegu ngumu ambayo jua haliiui na ukame hauiui. Mnyama akifa, ndani ya mzoga kunakuwa na joto, hakuna hewa na protini imejaa, basi hiyo mbegu inaamka, inazaana na kutengeneza sumu. Sumu yenyewe ni kali kupita karibu sumu zote zinazojulikana duniani, kipande kidogo cha nyama iliyokaukia kwenye mfupa kinatosha kumlaza dume zima. Inachofanya ni kukata mawasiliano kati ya mshipa wa fahamu na msuli, msuli uko mzima lakini haupati amri ya kujikaza, kwa hiyo ng'ombe analegea kuanzia miguu, shingo, ulimi, mpaka misuli ya kupumulia, na hiyo ya mwisho ndio inamuua. Akili inabaki timamu muda wote na hilo ndilo linaniuma zaidi kwenye huu ugonjwa, mnyama anajua kila kinachoendelea.

Sasa utauliza ng'ombe anakula majani, mzoga anaupataje? Njia ni kadhaa, mimi nitaanza na ile ya kwetu sehemu kame.

Baba yangu mdogo anafuga hawa ng'ombe wetu wa asili, na kiangazi kikishakolea ukienda machungani unawaona wamesimama kivulini wanageuza mifupa mdomoni. Mmoja nilimsogelea kabisa nikamwangalia, jike lenye ndama anayenyonya, mbavu zinahesabika, kashika mfupa wa mguu wa mbuzi kauweka kwa upande kwenye magego, anaugonga gonga, udenda unaning'inia mpaka chini, nikajaribu kumtoa akakimbia nao. Nikamuuliza baba mdogo hawa wanatafuta nini, akanijibu "mwanangu hao wanataka chumvi tu". Na chumvi alikuwa anawapa, magadi pia anawapa, na bado mifupa wanatafuna.

Wanachotafuta ni fosforasi. Udongo wa maeneo mengi yenye ukame una fosforasi kidogo, na nyasi zikishakauka kile kidogo kilichokuwemo kinapungua zaidi. Jike mwenye mimba anajenga mifupa ya ndama, jike anayekamuliwa anaitoa kwenye maziwa kila siku, mtamba anakua, wote hao wanaihitaji sana, ndio maana utaona wanaotafuna mifupa na wanaokufa kwanza ni wale wale wazuri uliokuwa unawategemea. Maksai mzee huwa anabaki. Mwili unamwambia fosforasi iko kwenye mfupa na mwili haudanganyi, tatizo ni kwamba kwenye mfupa huo kuna mabaki ya nyama, ngozi na uboho, na sumu inaweza kukaa humo miezi mingi hata kama mzoga umeshakauka na hauna harufu tena. Watu wanaona mfupa mweupe wanasema huu mkavu hauna neno. Una neno.

Jambo hili lilithibitishwa zamani sana Afrika Kusini. Wafugaji wa huko walikuwa wanapoteza ng'ombe kwa ugonjwa walioita lamsiekte, na daktari mmoja wa mifugo mzaliwa wa Uswisi, Arnold Theiler, yule aliyeanzisha maabara ya Onderstepoort mwaka 1908, akaenda kufanya majaribio kwenye shamba la Armoedsvlakte karibu na Vryburg kuanzia 1919. Ndipo mlolongo wote ukajulikana: udongo hauna fosforasi, ng'ombe anapata hamu ya mifupa, anatafuna mfupa wenye sumu, anapooza. Wakawapa ng'ombe unga wa mifupa ulio salama, hamu ikaisha, vifo vikapungua. Yaani zaidi ya miaka 100 imepita tangu jibu lipatikane, na bado ng'ombe wetu wanakufa kwa jambo hilo hilo, mimi naona hii inatakiwa ituumize.

Kwa hiyo la kwanza kufanya ni kuwapa fosforasi, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu watu wengi wanatoa hela kwa kitu kisicho chenyewe. Chumvi ya kawaida haina fosforasi. Magadi hayana. Chokaa ya mifugo ile nyeupe inayouzwa kwenye viroba ni kalsiamu, fosforasi haimo. Unachotaka ni DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi pamoja), au unga wa mifupa uliotengenezwa vizuri, au jiwe la kulamba ambalo lebo yake imeandika fosforasi na asilimia yake. Geuza mfuko usome, kama haijaandikwa fosforasi rudisha, hata kama muuzaji anakuapia. Ukishapata changanya na chumvi nusu kwa nusu maana DCP peke yake hawaipendi, weka kwenye kihori chenye kipaa juu ili mvua isiyeyushe, weka karibu na maji wanapopita wote. Usitegemee wataacha mifupa kesho, inachukua wiki kadhaa mwili kujaza pengo lake, muda huo endelea kuokota mifupa.

Kama DCP ni ghali au haifiki huko uliko, unaweza kuchoma mifupa mwenyewe. Ila ichomwe kweli kweli, mpaka iwe nyeupe kabisa ndani na nje na ukiibana inavunjika vunjika kama chaki. Ile iliyobaki nyeusi au kahawia katikati irudi motoni, usitwange. Ikishapoa twanga iwe unga, changanya na chumvi. Kuokota na kuchoma inakusaidia mara mbili, umesafisha malisho na umepata madini.

Njia ya pili ni mbolea ya kuku, na hii iwahusu sana wenzangu wa Pwani, Dar, Morogoro, na ndugu zetu wa Kenya kule kwenye mabanda makubwa ya broila. Najua watu wanachanganya mbolea ya kuku kwenye chakula cha ng'ombe kwa sababu ina protini na ni rahisi kuliko mashudu, na najua mashudu yamepanda bei. Lakini fikiria banda la broila, kila siku kuna kuku wawili watatu wanakufa, mwingine anafukiwa kwenye maranda haonekani, anaoza pale pale kwenye joto, siku ya kusafisha banda vyote vinazolewa kwa koleo pamoja. Israeli walishapoteza ng'ombe wengi kwa kulisha mbolea ya kuku. Ireland ya Kaskazini hata hawakulisha, walimwaga tu mbolea ya kuku shambani kama mbolea ya kawaida, ng'ombe wakachungwa hapo au shamba la jirani, wakafa kwa botulizimu. Ulaya kulisha ng'ombe mbolea ya kuku ni marufuku. Msimamo wangu uko wazi: usiwape. Sitaki kusikia kwamba fulani anawapa miaka yote na hawajafa, siku mzoga mmoja ukiingia kwenye kiroba ndio siku hiyo.

Na hata kama wewe hulishi, muangalie jirani mwenye kuku. Mbwa na kunguru wanabeba broila waliokufa wanakwenda kuwaangusha kwenye malisho yako au kwenye kihori. Mwendee kistaarabu, mwambie kaka au dada naomba kuku waliokufa tuchimbe shimo lenye mfuniko, nipo tayari kusaidia kuchimba. Wengi wanakubali ukiwaeleza, maana hawajui kama kuku wao wanaweza kuua ng'ombe wa mtu.

Tatu ni hei (majani yaliyokaushwa) na saileji (majani yaliyovundikwa). Mashine ya kukata majani haichagui, inapita na nyoka, kobe, panya, paka, vyote vinaingia kwenye robota. Robota likiwa na unyevunyevu ndani panaoza. Saileji iliyoshindiliwa vizuri inakuwa chachu na uchachu huo unamzuia huyu bakteria, ila mfuko ukitobolewa na panya au ukifunga majani mabichi yenye udongo, haichachi inaoza. Wafundishe vijana wa bandani wakifungua robota walichane kwa mikono kabla ya kumwaga, wakiona manyoya, ngozi, mfupa, au wakisikia harufu ya uvundo, robota zima linatupwa. Kuondoa kile kimzoga tu na kuwapa majani yaliyobaki haitoshi, sumu inasambaa kwenye majani ya jirani na majimaji yake. Najua robota moja lina thamani gani mwezi wa tisa, lakini ng'ombe ana thamani gani?

Maji nayo usiyasahau. Lambo likianza kukauka wanyama wanazama kwenye tope wanafia humo, ndege wanafia humo, na ng'ombe wanazidi kunywa. Simtanki zisizo na mfuniko zinaingia popo na panya. Ukame ule wa 2021 na 2022 uliopiga Longido, Simanjiro na Kajiado uliacha mizoga kila mahali, na baada ya ukame kama ule mifupa inabaki malishoni muda mrefu, kwa hiyo hatari haiishi mvua zikinyesha.

Sasa utaujuaje. Dalili zinatokea kuanzia siku moja mpaka wiki mbili na kitu baada ya kula, mara nyingi siku mbili mpaka sita, ikitegemea amekula sumu kiasi gani. Anaanza kubaki nyuma ya kundi, anatembea kama miguu ya nyuma imekufa ganzi, anajikwaa. Kisha kutafuna kunakuwa shida, utakuta bonge la majani limekaa mdomoni halitafunwi wala halimezwi, udenda unamwagika, akijaribu kunywa maji yanarudi kwa puani. Ulimi unalegea, unatoka nje pembeni. Halafu analala kwa kifua, shingo kaigeuzia ubavuni, mkia ukiuinua unaanguka tu. Homa hakuna mwanzoni, pima na kipimajoto usikisie kwa mkono.

Tahadhari kubwa hapa: usiingize mkono mtupu mdomoni kuangalia amekwamwa na nini. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa naye anatoa udenda na kupooza, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Kama ameng'atwa na mbwa, au anapiga kelele za kukwaruza, au ana hasira, kaa mbali, ita daktari.

Magonjwa mengine yanayofanana: homa ya maziwa inampata jike aliyezaa ndani ya siku mbili tatu hivi, masikio yanakuwa ya baridi, akipewa dripu ya kalsiamu na mtaalamu mara nyingi anaamka pale pale. Ukiona aliyelala ni dume au mtamba, au wamelala wanne kwa wiki moja, hiyo sio homa ya maziwa. Ndigana kali ina homa na tezi zimevimba. Maji moyo nayo ina homa, na mara nyingi ng'ombe anatetemeka na kurusha miguu. Sumu ya baadhi ya dawa za kuogeshea inamfanya atetemeke, aharishe na mboni za macho zinakuwa ndogo sana, wakati wa botulizimu amelegea tu na mboni zimepanuka. Na kama amekufa ghafla, damu inatoka puani au nyuma, usimpasue kabisa, hicho kinaweza kuwa kimeta.

Tiba naomba niwe mkweli ili usiliwe hela. Dawa ya kupinga sumu ipo duniani ila kwa mfugaji wa kawaida ni ngumu kuipata, ni ghali, na haiondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya fahamu. Sindano ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) haiui sumu. Na zile sindano zenye streptomaisini, ikiwemo pen-strep ambayo kila duka inauzwa, pamoja na jentamaisini, zinaweza kuongeza kulegea kwa misuli, kwa hiyo kumchoma choma ovyo unaweza kummaliza. Mwachie daktari aamue. Kosa lingine linaloua ni kumnywesha kwa chupa, sijui uji, sijui mafuta, sijui dawa ya mizizi. Hawezi kumeza, kinaingia mapafuni, anakufa kwa mapafu. Anayelala kabisa na kushindwa kunyanyua kichwa mara nyingi haponi, lakini aliyepata sumu kidogo anaweza kupona polepole kwa wiki kadhaa ukimhudumia: kivuli, nyasi nyingi za kulalia, akae kwa kifua sio kwa ubavu, umgeuze upande mara kadhaa kwa siku, maji na chakula kwa mpira akiweza kuja daktari. Ni kazi nzito, inataka watu wawili watatu, na uamuzi wa kumpumzisha, yaani kumuua asiteseke, nao ni uamuzi wa huruma, usione aibu.

Nyama yake hailiwi, mbwa hawapewi, maziwa ya mgonjwa hayauzwi. Najua uchungu wa kufukia ng'ombe mzima wakati nyumbani ada zinadaiwa, lakini mzoga huo huo ndio kiwanda cha sumu ya kundi lililobaki. Shimo la mita 2, mbali na kisima, udongo ushindiliwe fisi na mbwa wasifukue, au achomwe mpaka mifupa nayo iungue.

Chanjo ipo, ya aina C na D ambazo ndizo zinazoua ng'ombe zaidi huku kwetu Afrika, inatumika sana Afrika Kusini na Australia ya kaskazini. Kwa kawaida zinapigwa sindano mbili zikiachana wiki 4 mpaka 6, halafu marudio kila mwaka, fuata maelezo ya chupa. Muulize daktari wa wilaya kama inapatikana au inaweza kuagizwa, na mkiwa wafugaji wengi mnaagiza pamoja inakuwa rahisi. Wengine wananiambia mimi nimeshachanja chambavu kwa hiyo nipo salama. Hapana, bakteria wa chambavu ni ndugu yake lakini ni mwingine, chanjo ile haikingi hii. Na chanjo haimwokoi ambaye tayari amekula sumu, ukichanja katikati ya mlipuko utaona wachache bado wanaanguka siku za mwanzo, usiseme chanjo imewaua.

Vipimo vya maabara vinasumbua kidogo kwa huu ugonjwa, sumu ni kidogo mno kwenye damu na inapotea, kwa hiyo jibu la "hakuna" halimaanishi haikuwa botulizimu. Daktari achukue damu ya ambaye ndio kwanza ameanza kuyumba, na vitu vya tumboni na ini la aliyekufa muda huo huo, viwekwe kwenye barafu, pamoja na sampuli ya chakula. Watu wanasahau chakula.

Na kama sasa hivi unavyosoma hapa una ng'ombe wawili wamelala na huelewi, usisubiri majibu. Leo leo badilisha chakula chote wanachokula, hama malisho, funga lambo wanalonywea uwape maji ya bomba au kisima, tuma vijana wazunguke zizi na malisho na kiroba waokote kila mfupa na kila manyoya, na kile chakula ulichotoa usimuuzie mtu wala usimpe mwenye mbuzi.